Difu ya Gari la Sherifu

Daraja la kijito cha Carver walilifunga wao, si maji. Maji yalipita chini yake tangu babu yangu hajaoa na daraja halikulalamika. Wakaja watu wenye kofia za plastiki, wakalimulika uvunguni kwa tochi, wakaandika andika, na wiki ile ile baraza la kaunti likakaa na kupiga kura. Asubuhi tukakuta mapande ya zege pande zote mbili, na kibao. Kibao kilikuwa kizuri sana. Kwa kibao hawakukosa hela.

Shule mimi niliishia darasa la nane, sitaki kujifanya injinia. Lakini najua kwamba tangu siku ile, kutoka kwangu mpaka kanisani, ambako ni kuvuka kijito tu, mtu ilibidi azunguke. Ashuke bonde lote, aingie barabara kuu ya magari ya kasi, atoke kule mbele kwenye kiwanda cha mbao, ndipo arudi nyuma kwa juu. Najua pia kwamba Lorene, mke wangu, alipobanwa na kifua, gari la wagonjwa lilikuja kwa mzunguko huo na likaondoka naye kwa mzunguko huo. Alikata roho kabla hatujafika kwenye lami pana. Nilikuwa nimekaa naye nyuma. Muuguzi alitazama saa yake. Mimi nilitazama dirishani, nikaona paa la kanisa, ng'ambo ya daraja, karibu kiasi cha mtu kulirushia jiwe.

Mmoja wa walionyoosha mkono siku ya kura ni Denzil Sizemore, kaka yake Lorene, tumbo moja. Tangu mazishi sikuwa nimesema naye zaidi ya salamu.

Kwetu Jumapili ya mwisho ya Mei ni ya makaburi. Kila ukoo hupanda kilimani kwake, hufyeka, huweka maua, kisha hushuka kula kwenye meza ndefu mbele ya kanisa. Kaburi likibaki tupu siku hiyo watu hawasemi kitu. Wanapita tu wakilitazama, na kutazama kwao kunatosha. Hii ndiyo ingekuwa Jumapili ya kwanza ya Lorene akiwa kule juu.

Denzil alikuja barazani kwangu theluji ilipokwisha. Hakukaa, kwa sababu sikumwambia akae.

"Shemeji, siku ya makaburi nitakupitia," akasema. "Gari lina nafasi. Lina kiyoyozi pia."

"Nina gari."

"Lipi? Hilo?" Akaigeukia pikapu yangu. "Arvil, si hilo walilokusimamisha nalo barabara kuu wakidhani umefia usukanini?"

"Walionisimamisha ni nyinyi."

"Yule ni polisi wa jimbo. Mimi ni wa baraza la kaunti."

"Wote mnakula sahani moja."

Akavaa kofia yake akaondoka. Lakini alilosema lilikuwa kweli. Pikapu yangu ni Ford ya mwaka hamsini na sita, ya baba. Imebeba tumbaku, makaa ya mawe, nguruwe, mbao za kanisa. Difu yake, lile bomba la nyuma lenye gia zinazozungusha magurudumu, ilikuwa na gia za kazi, ipande mlima na shehena ya makaa bila kuhema, na mambo ya mwendo hakuna aliyeyauliza. Kwenye barabara kuu injini inapiga kelele kama nguruwe aliyebanwa mlangoni, na bado malori yanakupita yakikupigia honi. Majira ya baridi kijana mmoja wa polisi alinisimamisha. "Mzee," akasema, "huku hairuhusiwi kwenda chini ya mwendo uliowekwa. Ukirudi na hii hivi hivi, naivuta." Yaani walinifungia njia ya polepole, halafu wakanikataza kwenda polepole kwenye njia ya haraka. Ukitaka kujua wanaotutawala wana akili gani, ni hiyo.

Kwenda kwa Lorene ndani ya gari la Denzil, nimekaa pembeni yake kama mgeni wa kuchukuliwa, hilo sikuweza. Basi nikaamua kuibadilisha difu.

Retha Mullins ana uwanja wa magari mabovu chini ya bonde, yeye na mbwa wake na sigara zake.

"Nataka difu ya gari kubwa la saluni," nikamwambia. "Nzito, yenye gia za mwendo, na upana wake uenee kwenye pikapu."

"Unataka kwenda wapi, Arvil, Florida?"

"Kilimani kwa kina Sizemore."

Akatoa sigara mdomoni. "Nilimpenda Lorene," akasema. Halafu, kwa kuwa hapendi kukutwa akiwa mwema, akaongeza: "Alikuwa na subira ya punda, kuishi na wewe."

Akanipeleka nyuma ya basi la shule lililoungua. Kulikuwa na saluni nyeupe iliyokuwa ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Nyota ya mlangoni waliikwangua, lakini ilionekana bado, kama kovu.

"Difu yako hiyo," akasema Retha. "Imefukuza wezi kaunti nzima."

"Haijafukuza mtu hiyo. Imekaa nyuma ya kituo cha mafuta ikila donati."

Akacheka mpaka akakohoa. Tukabadilishana, difu na rimu zake mbili kwa msumeno wangu wa mnyororo. Kuni nyingi za nini? Mtu mmoja, jiko moja. Na nakiri nilifurahi kidogo njiani. Walichukua daraja langu, na mimi nimechukua matako ya gari lao.

Kazi yenyewe si uchawi. Niliinua pikapu nyuma, nikafungua yu-bolti za springi, zikakatika zote kwa kutu, nikateremsha difu ya zamani na kuiburuta kwa mnyororo hadi kwenye nyasi. Ile ya sherifu ilikuja na masikio ya chuma ya springi zake za mviringo. Nikayakata kwa grenda mpaka likabaki bomba tupu na nundu katikati. Pikapu yangu hukaa juu ya springi bapa, kwa hiyo bomba linataka vikalio viwili vya chuma vya kukalia springi hizo. Vikalio ndio kazi yote. Ukishavichomelea, mdomo wa difu utaangalia pale ulipouelekeza, na ndiyo basi. Mdomo huo ndio unaopokea propela, ile nondo inayozunguka chini ya gari, kutoka kwenye giaboksi. Ukiangalia juu mno au chini mno, krosi za propela, yaani viungio vyake, zinazunguka kwa kigugumizi, na ukikolea mwendo gari zima linatetemeka.

Nilipima na mzigo. Ndivyo baba alivyonifundisha, na ndivyo kila mtu wa bonde hili alivyofanya: gari la kazi hupimwa likiwa limebeba. Likiwa tupu lipo njiani tu kwenda kubeba. Basi nikaishusha pikapu ikae kwenye magurudumu yake, nikapakia matofali ya saruji ya banda langu lililoanguka mpaka springi zikanyooka, ndipo nikaanza kuutafuta mwelekeo wa mdomo kwa jeki ndogo.

Kazi ya namna hii tulikuwa tukiifanya wawili. Mimi nalala chini, Lorene anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, taa mkono mmoja, kahawa mkono wa pili, ananisomea kipima pembe. "Tatu," anasema. "Tatu na nusu. Umepitiliza, rudi." Katikati ananisimulia habari za bonde zima, nani kamwacha nani, nani kauza ng'ombe. Namwambia anyamaze nisikie chuma, naye anasema chuma hakina habari mpya.

Safari hii nilikibandika kipima kwa sumaku yake, nikaingia chini, nikapiga jeki, nikatambaa nje, nikavaa miwani, nikasoma. Nikaingia tena. Nikatoka. Shati likalowa mafuta mgongo mzima. Kuna wakati nilibaki nimelala pale, mkono kwenye jeki, nikasema kwa sauti, "Ngapi?" Ndani ya nyumba friji ikanguruma, ikanyamaza. Nikatambaa nje kwenda kusoma mwenyewe.

Nikachomelea kidogo kidogo, upande huu, kisha ule, bomba lisipinde kwa moto. Weldi zangu ni nzuri, sisemi kwa kujisifu. Nikafunga propela kwa krosi ya saizi mbili, upande mmoja ya Ford, wa pili ya saluni, nikaunga mpira wa breki. Rimu za zamani hazikuingia kwenye bolti za saluni, kwa hiyo nyuma pikapu ikavaa viatu vya sherifu na mbele ikabaki na vyake. Nikaijaribu kwenye njia yetu ya bondeni, ambako kwa mashimo yale hata mwizi hakimbii. Ilikuwa kimya kama kitanda. Nikaridhika. Jumamosi nikashusha matofali yote na kufagia, kwa sababu vikongwe wa kanisa hupanda kilimani nyuma ya pikapu yetu kila mwaka. Lorene alikuwa akiwatandikia mablanketi. Nikatandika mablanketi.

Jumapili nilikata maua yake, yale mekundu mazito aliyoyapanda kando ya baraza, nikayatia kwenye kopo la kahawa lenye maji na kulibana katikati ya magoti. Nilivaa koti la mazishi, sina jingine. Koleo na jembe nikatupa nyuma. Nikashuka bonde, nikaingia barabara kuu, nikakanyaga mafuta.

Mwanzoni ilikuwa raha. Injini haikulia, ilikuwa inaimba kwa chini kama mtu anayeosha vyombo. Nilipofika maili arobaini kitu kikaanza kugonga miguuni. Arobaini na tano usukani ukanitetemeka mikononi. Hamsini, pikapu nzima ikatetemeka kama inachekechwa, milango, viti, meno yangu, na kioo cha pembeni kikawa ukungu mtupu. Petali za maua zikaanza kuanguka. Si moja moja. Zilimwagika mapajani mwangu, kwenye klachi, sakafuni. Nikapunguza mwendo, lori likanipigia honi mgongoni. Nikaongeza, zikamwagika nyingine.

Nilijua kosa palepale. Niliipima kwa mzigo, na sina mzigo. Bila matofali springi zimeinuka, na mdomo wa difu umegeuka nazo. Tumbaku sina tena, nguruwe sina, makaa waliyafunga wakubwa wengine huko. Nimemtengenezea gari mtu mwenye shamba na nyumba iliyojaa watu, halafu nimeliendesha mimi.

Kurudi kuyafuata matofali kungekula asubuhi yote. Nikaiacha barabara kuu kwenye njia ya kwanza ya kutokea. Pale hapana kitu ila kituo cha mafuta kilichokufa, na kando yake rundo la kokoto za kaunti. Najua ni za kaunti kwa sababu zina kibao. Nikatoa mablanketi, nikavua koti, nikashika koleo.

Mzee akipakia kokoto peke yake Jumapili asubuhi, amevaa tai, anapata muda wa kuwatukana watu wengi. Niliwataja mmoja mmoja. Baraza, injinia, gavana, wale waliofunga mgodi, aliyebuni kofia za plastiki. Hakuna aliyesimama kuuliza kitu. Magari yalipita juu barabarani yakienda makanisani. Springi ziliponyooka niliingia ndani, jasho mpaka kwenye soksi, na pikapu ikaenda maili hamsini na tano kama imepakwa siagi.

Nilipofika walikuwa wameshamaliza kuimba. Mvua ya wiki ile ilikuwa imekula njia ya kilimani. Magurudumu yalikuwa yamechimba mifereji ya kufika goti, na saluni zote zilikuwa zimekwama chini kanisani. Vijana walipanda kwa miguu. Vikongwe walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja wakinisubiri mimi, na mbele yao Bibi Oma, mkubwa kuliko wote, mikono juu ya fimbo.

"Umechelewa, Arvil," akasema. Akachungulia nyuma ya pikapu. "Na umetuletea mawe tuyakalie? Sisi kuku?"

"Panda mbele, Bibi. Nitakupeleka wewe kwanza."

"Na wenzangu wapande na nini, na maombi? Mume wangu yuko juu, na wa Delphia huyu yuko juu. Toa hivi vitu."

Denzil akaja, matope mpaka kwenye pindo la suruali. Akachota kokoto kiganjani.

"Shemeji, hizi nazijua."

"Zijue. Ni kodi yangu hiyo."

"Ni za daraja. Za kutengenezea pale pa kupandia darajani, hela ya jimbo ikija."

"Zimeota nyasi zikingoja."

Akainama akachungulia uvunguni, tai inaburuza matopeni. Kabla ya siasa Denzil aliendesha malori ya makaa. Si mjinga wa magari, ni mjinga wa mengine.

"Difu ya saluni," akasema kutoka kule chini.

"Ya sherifu."

"Vikalio umechomelea mwenyewe? Weldi nzuri." Akagonga propela kwa kidole. "Ulipima na mzigo?"

Nikajifanya natafuta koleo.

"Ulipima na mzigo," akasema, akasimama akijifuta magoti. "Kwa hiyo zikitoka hizi kokoto, kurudi kwako…"

"Usinimalizie, Denzil."

"Basi ziache. Bibi Oma nitambeba mgongoni."

"Hunibebi!" Bibi Oma akapaza sauti. "Wewe hata kura hubebi vizuri."

Watu wakacheka, na Denzil akacheka kidogo, macho chini. Mimi nilikuwa nikiitazama ile njia. Kokoto zikibaki, nitarudi nyumbani kama mtu, lakini vikongwe wanane watakaa chini ya kilima na maua yao mapajani, siku moja waliyonayo kwa mwaka. Na Lorene hakuwahi kumwacha mmoja chini.

Nikarudisha pikapu nyuma hadi kwenye mfereji wa kwanza, nikafungua mlango wa nyuma, nikachukua koleo. Denzil akachukua jembe langu bila kuuliza. Tulijaza mifereji yote miwili mpaka juu. Kisha nikatandika mablanketi, wakapanda, wakishikana mabega na kugombana nani kakanyaga maua ya nani.

Juu kilima kizima kilikuwa na rangi. Kaburi la Lorene lilikuwa limefyekwa vizuri, na lilikuwa tupu. Nilikuwa nimejiandaa kukuta shada la mke wa Denzil pale, na maneno nilikuwa nayo tayari. Sasa yakakosa pa kwenda.

Denzil alikuwa nyuma yangu. "Nilimkataza mke wangu asiweke," akasema. "Nilisema utakuja."

"Na kama nisingekuja?"

"Lingekaa hivyo."

Nililiweka lile kopo. Zilibaki petali chache, na vichwa vingine vilikuwa vipara kabisa. Bibi Oma akalitazama.

"Maua gani haya, kama kuku aliyenyonyolewa?"

"Ni ya kwake. Aliyapanda mwenyewe."

"Ah." Akachomoa ua moja la karatasi kwenye rundo la mumewe, akaliinamisha kwenye kopo, akaenda zake.

Tukabaki mimi na Denzil. Kutoka pale juu kijito kinaonekana, na daraja, na zege, na bati la nyumba yangu.

"Gari la wagonjwa lingepita?" nikamuuliza.

"Sijui, shemeji. Injinia alisema hapana."

"Sikuulizi injinia. Wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Nilinyoosha mkono tu."

Nikalididimiza kopo kwenye udongo lisianguke. Nikawateremsha vikongwe. Mezani waliniita, kuku na maharage na keki ya matunda, nikasema sina njaa. Nikawasha gari.

Kwenye barabara kuu ilianza upya palepale, arobaini. Nilijibana kwenye ukingo nikaenda mwendo wa mgonjwa, na bado mlango wa pili ulikuwa unagonga kama mtu anaomba kushuka. Lori la kwanza lilipita karibu mno. Lori la pili halikupita karibu. Wala la tatu. Nikatazama kioo, kinachotetemeka, nikaona taa mbili za manjano zikiwaka na kuzima nyuma yangu. Nilimjua Denzil kwa umbo la gari. Aliniwekea nafasi, hakukaribia, hakupita. Alikuwa amejiweka katikati yangu na malori, na malori yalikuwa yakimtukana yeye kwa honi. Tulikwenda hivyo mpaka njia ya kutokea, na kupanda bonde lote kwa mashimo yake, ambako hakukuwa na lori wala sababu ya kunifuata.

Nilipokata kuingia kwangu sikuinua mkono. Alisimama pale njia panda kwa muda, taa zikiwaka na kuzima, kisha akageuza. Nyumba yake iko ng'ambo ya kijito. Ilimbidi ashuke tena bonde lote, arudi barabara kuu, atoke kwenye kiwanda cha mbao, azunguke, kama alivyotuzungusha sisi.

Nilizima injini. Sakafu ilikuwa nyekundu kwa petali. Nikaziokota moja moja, nikazitia mfukoni mwa koti la mazishi.